Bei ya Bibi Yangu

Mwezi wa Agosti mwaka 2010, mwaka mmoja tangu nistaafu ualimu, tulikaa kikao cha ukoo chini ya mwembe nyumbani kwetu Lundo. Shauri lenyewe lilikuwa dogo. Kilikuwepo kipande cha shamba kinachoteremka hadi ziwani, ambacho marehemu baba alikuwa akilima muhogo, nami nilitaka kujenga hapo nyumba ya uzeeni. Nilisimama nikaanza kusema kama nilivyozoea kusema maisha yangu yote, yaani kama mtu asiyekatizwa. Nilitaja mipaka, nikataja miaka, nikafika mahali pa kuwaeleza wenzangu namna bora ya kugawa. Ndipo kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliponikatiza bila hata kuinuka kwenye mkeka.

"Mwalimu, kaa chini. Bibi yako alikuja hapa kwa doti mbili za kaniki. Aliyenunuliwa hagawi."

Hakuna aliyecheka. Akina mama waliokuwa wakimenya muhogo pembeni waliinamisha vichwa, nikajua papo hapo kwamba neno lile halikuwa geni kwa mtu yeyote pale, isipokuwa pengine kwa wajukuu. Hata mimi nilikuwa nalijua. Nilikaa chini. Nilikuwa na umri wa miaka 61, nimevaa suruali iliyopigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni mwa shati.

Siandiki haya ili kumsema kaka yangu. Amekwisha kufa, na kabla ya kufa tulikula sahani moja. Naandika kwa sababu siku ile niligundua jambo la aibu kuliko lile alilolisema: kwamba mtu mzima, Mkristo tangu utotoni, aliyefundisha watoto wa watu kwa miaka thelathini na tisa, aliweza kubomoka kwa sentensi moja. Nyumba inayobomoka hivyo haikuwa na msingi.

Msingi wangu ulikuwa cheo. Nilitoka chuo cha ualimu mwaka 1970, na kuanzia mwaka 1986 hadi nilipostaafu nilikuwa mwalimu mkuu, leo shule hii kesho ile, hapo Mbinga ilipokuwa bado wilaya moja na sisi watu wa ziwani hatujamegwa kuwa Wilaya ya Nyasa. Asiyewahi kuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini hawezi kujua utamu wake. Ukiingia darasani watoto wote wanasimama. Ukipita dukani mtu anakupisha benchi. Barua zote zinaanza na cheo chako, na mhuri unaufungia wewe mwenyewe sandukuni. Basi, siku ya Ijumaa nilikabidhi funguo na mhuri, nikatia sahihi orodha ya madawati, na Jumatatu yake nikapita njiani nikakutana na kundi la watoto wa shule. Walinipita wakicheza. Nilisimama nikiwangoja waniamkie, kama mtu aliyesahau kwamba amevua kofia. Ningepaswa kujifunza siku hiyo, lakini sikujifunza, ndiyo maana nikafundishwa chini ya mwembe.

Sasa nieleze habari za bibi, mzaa baba.

Alifariki mwaka 1966, mimi nikiwa na miaka kumi na saba, kwa hiyo nilimjua vizuri. Hakuijua nchi alikozaliwa. Alijua tu kwamba ilikuwa ng'ambo, magharibi ya ziwa, mahali penye mto na mawe, na kwamba watu walikuja alfajiri. Kwa hesabu yangu hiyo ilikuwa yapata mwaka 1890, naye alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Siku zile Nkhotakota, katika Malawi ya sasa, ilikuwa bandari ya watawala waliokuwa wakiitwa Jumbe, ambao majahazi yao yalivusha watu na pembe za ndovu kuja upande huu wa ziwa, na kutoka hapa misafara ilikwenda kwa miguu hadi Kilwa. Bibi hakukumbuka jina la bandari. Alikumbuka kwamba mwera ulivuma usiku kucha, watu wakatapikiana, na mama mmoja asiyemjua akamfunika kwa mkono wake.

Walipofika upande huu alikuwa na kidonda mguuni kilichooza. Hangeweza kufika Kilwa. Mwenye msafara hakutaka mzigo wa kufia njiani, akamwacha kwa watu wa pwani yetu kwa doti mbili za kaniki. Kwa hiyo kaka yangu hakusema uongo. Bei aliitaja sawasawa. Alichokiacha ni kwamba ilikuwa bei ya mtoto mgonjwa, bei ya kitu kinachokaribia kutupwa. Mtoto huyo alipona. Alikua katika boma la babu, akichota maji na kutwanga, na mke wa kwanza wa babu alipofariki, babu akamwoa yeye. Baba yangu alizaliwa hapo. Watoto wa mke wa kwanza na watoto wa bibi walikula pamoja, wakavua pamoja, wakagombana kama watoto wote wanavyogombana. Lakini doti zile mbili zilihifadhiwa mahali fulani, zikisubiri siku ya kugawa shamba.

Jina lake la awali alilipoteza. Kwa miaka mingi aliamini kwamba analikumbuka, neno moja ambalo mama yake alikuwa akimwitia. Baadaye mgeni mmoja kutoka ng'ambo akamwambia kuwa neno lile si jina, maana yake ni kitindamimba tu. Bibi alipotusimulia hilo alicheka sana. Mimi nilikuwa mtoto na nilicheka naye. Leo nikilikumbuka sicheki.

Alibatizwa mwaka 1911 na mapadri wa ile misheni ya Kianglikana iliyokuwa na makao yake kisiwani Likoma, ambayo sisi tunaijua kwa herufi zake, UMCA. Wengi wa pwani hii wamekuzwa na misheni hiyo. Mzee wake mkuu, Padri William Percival Johnson, alifika Afrika mwaka 1876, akazunguka ziwa hili nusu karne, jicho moja likiwa limeharibika, akafia Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko huko huko. Bibi alimfahamu kama mzee anayelala popote na kula chochote. Sala zake zote bibi alizijua kwa Kinyanja, na hadi kufa kwake alikuwa akiamini, nadhani, kwamba Mungu anasikia Kinyanja upesi kuliko lugha nyingine.

Kuna jambo alilokuwa akilifanya kanisani ambalo sikulielewa mpaka nilipozeeka. Katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, Mtume Paulo anawaambia waumini kuwa wao si mali yao wenyewe, kwa maana wamelipiwa bei. Somo hilo liliposomwa, watu wengine walisinzia. Bibi aliguna, "Mhh!", kwa sauti ya kusikika hadi mimbarini, kama mtu aliyesikia habari za kijijini kwao. Mara moja nilimuuliza mbona anaguna. Akasema, "Mimi nimenunuliwa mara mbili, mjukuu wangu. Wa kwanza alitoa kaniki. Wa pili alijitoa mwenyewe. Sasa wewe msomi niambie, bei yangu ni ipi?" Nilikuwa darasa la sita. Nilidhani ananiuliza hesabu.

Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, ndipo nilipojifunza habari za mji wa Korintho wenyewe. Warumi waliubomoa, kisha Julius Kaisari akaujenga upya mwaka 44 kabla ya Kristo, na wengi aliowapeleka kuishi humo walikuwa watumwa walioachwa huru. Yaani Paulo aliwaandikia watu ambao baba zao na babu zao walikuwa wamepandishwa jukwaani sokoni wakatazamwa meno. Hakuwaambia wasahau soko. Alilichukua neno la sokoni, neno baya kuliko yote waliyoyajua, akalitumia kuwaambia thamani yao. Wasomi wa dini wana maneno mengi juu ya mistari hiyo. Bibi, aliyejua kusoma kwa shida, alikuwa akiielewa kutoka ndani.

Lazima niseme pia kwamba mimi mwenyewe nilikuwa na ugomvi na dini hii. Tulikuwa chuoni miaka michache tu baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vijana wenye moto, na tuliona kwamba Ukristo umetuvika ngozi ya mtu mwingine. Nililiacha jina langu la ubatizo, nikawa naandika herufi moja tu na nukta. Haikuwa sisi peke yetu: mwaka 1972 Mobutu kule Zaire aliyapiga marufuku majina ya Kikristo kabisa. Nilijiona nimejipata. Ukweli ni kwamba nilibadilisha vazi moja kwa jingine, na siku nilipopewa ofisi nikalivaa la tatu, nikalipenda kuliko yote. Wala sisemi kwamba hoja yetu ya ujana haikuwa na ukweli. Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyekombolewa, alipewa upadri na misheni ile ile mwaka 1890. Ilipita zaidi ya miaka sabini kabla Mwafrika hajawekwa kuwa askofu katika makanisa yake. Waliohubiri kwamba watu wote ni sawa mbele za Mungu hawakuwa na haraka ya kuwafanya sawa mbele ya meza.

Aliyenisaidia kupita hapo alikuwa padri mwingine, Petro Kilekwa. Habari zake ziliandikwa katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1937, alichokiandika yeye mwenyewe kwa Kinyanja kikafasiriwa kwa Kiingereza. Nilikisoma miezi michache baada ya kile kikao, kwa kuazima, na nilikisoma mara tatu. Kilekwa alikuwa mtoto wa Wabisa, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wafanyabiashara wa utumwa walimkamata akiwa mdogo. Mama yake alimfuata akajaribu kumkomboa, akashindwa kwa kuwa hakuwa na mali ya kutosha. Akavushwa ziwa hili hili, akafikishwa baharini, akapakiwa jahazini kwenda Arabuni, na huko njiani manowari ya Waingereza ikaikamata ile jahazi. Mwishowe alifika Unguja, akasoma Kiungani, shule ya misheni iliyolea watoto wengi wa namna yake. Angeweza kubaki Unguja akaishi salama. Lakini alirudi ziwani akiwa mwalimu. Akawa shemasi mwaka 1911, mwaka ule ule wa ubatizo wa bibi, na mwaka 1917 akapewa upadri.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nililitazama ziwa kwa muda mrefu. Mtu alivushwa maji haya akiwa bidhaa, kisha akarudi kuyavuka akiwa na mafuta matakatifu mfukoni, akibatiza watoto wa watu waliomwona akipita na wa watu waliomuuza. Na jina lake? Aliitwa Petro, lakini hakuliacha Kilekwa. Aliyabeba yote mawili mpaka kwenye jalada la kitabu. Lile la pili halikuja kulifuta la kwanza. Mimi, msomi wa chuo, nilidhani mtu hana budi kuchagua.

Basi nikaenda kuliangalia daftari la ubatizo. Padri wetu kijana alinifungulia sanduku la bati, akaniachia peke yangu. Daftari ni kitu ninachokijua. Nimetunza madaftari ya mahudhurio maisha yangu yote, na najua jinsi mwandishi anavyoweza kumdharau mtu kwa wino tu: jina la mwenye cheo kwa herufi nzuri, jina la maskini kwa haraka, limebanwa pembeni. Nilitafuta mwaka 1911. Mstari wa juu yake alikuwa mke wa mtu mkubwa wa siku zile, jina ambalo wazee wa pwani yetu bado wanalitaja. Mstari uliofuata ni bibi. Wino ule ule. Mkono ule ule. Urefu ule ule wa mstari. Safu ya baba ilikuwa na alama ya kistari tu, kwa kuwa hakumjua. Safu ya mdhamini ilikuwa na jina. Na mstari wake ulikuwa na namba, kama mistari mingine yote, moja zaidi ya yule mama mkubwa.

Nikaanza kuhesabu, kwani mwalimu hawezi kuacha kuhesabu. Wajerumani walitangaza kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Hiyo ilimgusa baba yangu, haikumgusa mama yake. Hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hiyo kwa miaka kumi na moja bibi yangu alikuwa mali ya mtu katika sheria ya nchi, na katika daftari lile alikuwa mtu kamili mwenye namba yake. Hakungoja serikali. Alikwenda Jumapili akiwa amenyooka, na alikuwa akiguna.

Sijui nilikaa hapo muda gani. Niliomba, na sala yangu haikuwa nzuri. Nilisema tu jina langu la ubatizo, lile nililoliacha mwaka 1970, nikalisema kwa sauti, halafu jina la ukoo. Ilikuwa kama mtoto anayeitikia anapoitwa asubuhi darasani.

Ningependa kukuambia, msomaji, kwamba tangu hapo nimekuwa na amani. Nina amani zaidi, hilo ni kweli. Shamba waligawa katikati, na nyumba yangu iko upande wangu. Naisikia mitumbwi ikirudi alfajiri. Lakini daftari lile lilinifuata nyumbani na kunidai. Ikiwa bibi hakupaswa kupimwa kwa doti mbili, na mimi nikawa nataka nisipimwe kwa doti zake, je, mimi niliwapima watu kwa nini?

Nilikuwa na desturi moja nikiwa mwalimu mkuu. Kila mwisho wa muhula nilibandika ubaoni matokeo ya darasa la saba, toka wa kwanza hadi wa mwisho, kisha siku ya kufunga shule nilimsimamisha wa kwanza mbele ya wazazi wapigiwe makofi. Hayo wengi walifanya. Mimi niliongeza la kwangu: nilimsimamisha na wa mwisho. Nikasema, "Na huyu ndiye anayeibeba shule mgongoni, isianguke." Watu walicheka. Nilijiona mcheshi na mwalimu mkali, na ofisi iliyokuwa juu yangu ilinisifu kwa kuinua kiwango. Mtoto mmoja alisimamishwa hivyo mihula miwili mfululizo, akaacha shule kabla ya mtihani. Sikumtafuta. Niliandika "mtoro" kwenye daftari, kwa wino mwekundu.

Yuko hapa hapa. Ni mvuvi, ana wavu wake wa usipa na mtumbwi, na Jumapili ndiye anayepiga kengele kanisani. Kwa miaka mingi tulikuwa tukipeana mkono wa amani kwenye misa, mimi nikiwa sikumtazama sana usoni.

Ilinichukua miezi mingine minne. Siku moja asubuhi nikateremka hadi anapoanika usipa. Alikuwa akiutandaza kwenye chanja kwa viganja, taratibu, kama mtu anayetandika kitanda cha mtoto. Akaniamkia, nikaitika. Nikasema nimekuja kwa jambo la zamani. Nikalieleza lote, na maneno yale niliyoyasema mbele ya wazazi nikayarudia, kwa kuwa niliona si haki kuomba msamaha kwa jumlajumla.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Tulikuwa sabini na wawili," akasema. "Mimi nilikuwa wa sabini na mbili." Akatandaza usipa kidogo. "Mama aliniambia nisilie, alisema Mwalimu ana mambo mengi." Akanyamaza tena. Kisha akasema kwamba amekwisha kusamehe zamani, mwaka wa kipaimara chake, ila hakujua kama mimi nilikuwa nakumbuka jina lake.

Nikalitaja, majina yote mawili.

Alitikisa kichwa, akaendelea na kazi. Sikujua namna ya kuondoka, nikauliza anauzaje usipa. Nilitazamia kwamba atakataa hela yangu, kama wanavyofanya wengine kwa heshima ya mwalimu wao wa zamani. Akapima sado moja, akaifuta juu kwa mkono ili isizidi, na akanitajia bei ile ile aliyokuwa amemtajia mama aliyenitangulia.